Mpiga picha wa harusi: Ni gharama ya lazima au anasa?

KATIKA vikao vya kamati za harusi jijini Dar es Salaam, bajeti husomwa kifungu kwa kifungu: ukumbi, chakula, vinywaji, mapambo, muziki, mshereheshaji, keki, magari. Kifungu cha picha mara nyingi huwa karibu na mwisho wa karatasi. Kinapofikiwa, wajumbe wamechoka na michango iliyoahidiwa bado haijafika nusu.

Hapo ndipo hoja ile ile huibuka. Mjumbe mmoja hukumbusha kwamba siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera. Mwingine humtaja mpwa wake aliyenunua kamera hivi karibuni na ambaye, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, hatadai chochote zaidi ya nauli na chakula. Mweka hazina hufurahi kuona kifungu kizima kikifutwa kwa mstari mmoja wa kalamu.

Uamuzi huo huchukua dakika chache, lakini ni miongoni mwa machache katika bajeti nzima ambayo hayawezi kurekebishwa baadaye. Chakula kikipungua, wageni watanung'unika usiku mmoja. Muziki ukikwaruza, utasahaulika. Picha zisipopigwa, au zikipigwa kisha zikapotea, hakuna kikao cha kuvunja kamati kitakachozirudisha.

Hata hivyo, si kila harusi inamhitaji mtaalamu wa kulipwa, na si kila anayejiita mtaalamu anastahili bei anayotaja. Ili kamati iamue kwa haki, inapaswa kwanza kujua ni kitu gani hasa kinachonunuliwa.

Kutoka studio hadi kiganjani

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwa miongo iliyofuata, studio za aina hiyo ndizo zilizokuwa mahali pa kupigia picha za familia katika miji ya pwani. Maharusi walikwenda studio wakiwa wamekwisha kuvaa, wakakaa mbele ya pazia, wakapigwa picha moja au mbili, wakaondoka. Picha hiyo moja ilitundikwa ukutani na kudumu miaka yote ya ndoa.

Baadaye kamera ndogo za filamu zilimtoa mpiga picha studio na kumpeleka kanisani, nyumbani kwa bibi harusi na ukumbini. Filamu moja ya milimita 35 ilitoa picha 36. Aliyekwenda na filamu kumi alikuwa na picha 360 kwa siku nzima, na kila alipobonyeza alijua kwamba ametumia fedha.

Waliohudhuria sherehe za mijini katika miaka ya 1990 watawakumbuka pia wapiga picha wasioalikwa na mtu. Walisimama mlangoni, wakampiga kila mgeni aliyeingia, wakakimbilia maabara ya kusafishia filamu, na kabla sherehe haijaisha walikuwa wamezitandaza picha chini nje ya ukumbi. Mgeni alijitafuta, akajiona, akalipa. Ubishi wa bei haukukosekana, hasa kwa mgeni aliyetoka amefumba macho.

Kamera za dijitali ziliondoa gharama ya filamu. Kampuni ya Kodak, ambayo jina lake lilikuwa karibu sawa na neno filamu, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake nchini Marekani Januari 2012. Kisha simu za kiganjani zikaiweka kamera katika mfuko wa kila mgeni.

Matokeo yake ni kwamba kubonyeza hakugharimu chochote, na ndiyo maana bei ya mpiga picha inaonekana kukosa maelezo. Lakini filamu haikuwa kitu pekee kilicholipiwa hata wakati ule. Kilicholipiwa zaidi ni uhakika kwamba jambo linalotokea mara moja litanaswa, na kwamba lililonaswa litafika mikononi mwa wenyewe.

Gauni jeupe, suti nyeusi

Harusi ni miongoni mwa kazi ngumu za picha kutokana na mwanga wake. Asubuhi bibi harusi yupo saluni au katika chumba chenye dirisha moja. Mchana yupo kanisani, ambako baadhi ya viongozi wa dini hawaruhusu mweko wakati wa ibada na huweka mpaka wa mahali mpiga picha anapoweza kusimama. Saa kumi jioni yupo ufukweni kwenye jua kali, na usiku yupo katika ukumbi wenye taa za rangi ya zambarau na bluu zinazobadilika kila dakika.

Kamera inayojipimia mwanga yenyewe hudhani kwamba eneo lililo mbele yake lina weupe na weusi wa wastani. Gauni jeupe linapojaa katika picha, kamera huona mwanga umezidi, huupunguza, na sura ya bibi harusi hutoka giza. Suti nyeusi husababisha kinyume chake: shela hugeuka kuwa weupe mtupu usioonyesha hata nakshi zake.

Kwa ngozi nyeusi kosa hilo huonekana zaidi, na lina historia yake. Kwa miongo mingi, kadi ambazo maabara zilitumia kupimia rangi za picha za Kodak zilikuwa na sura za wanawake weupe, na rangi zilirekebishwa hadi sura hizo zipendeze. Mtaalamu anayejua kazi yake hupima mwanga usoni, si katika gauni, na hubeba taa zake mwenyewe.

Simu za kisasa zimepunguza tatizo hilo kwa kupiga picha kadhaa kwa kasi na kuziunganisha kuwa moja. Nje, mchana, picha ya simu nzuri inaweza kushindana na ya kamera bila aibu. Ukumbini, wakati ndugu wanaingia wakicheza na zawadi zao huku taa zikizimwa na kuwashwa, simu hiyo hiyo hutoa mikono isiyo na vidole na nyuso zilizoyeyuka.

Ugumu wa pili ni wakati. Kuvishana pete huchukua sekunde chache. Katika ndoa ya Kiislamu, ijabu na kabuli humalizika kwa maneno machache, bwana harusi akiwa ameshikana mkono na walii au anayemwakilisha. Mara nyingi bibi harusi hayupo mahali hapo, yupo chumbani au katika nyumba nyingine kabisa akiwa na wanawake wenzake. Mpiga picha mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuwa katika nyumba mbili.

Kwa familia nyingi za pwani kuna sharti jingine. Shughuli za wanawake hazipigwi picha na mwanamume, na katika baadhi ya nyumba simu za wageni hukusanywa mlangoni ili picha za waliovua mitandio zisisambae. Hapo mpiga picha wa kike anayeaminiwa na familia si anasa. Ama yeye, ama hakuna picha kabisa.

Saa zisizoonekana

Wajumbe wa kamati humwona mpiga picha kwa siku moja na kugawa bei yake kwa siku hiyo. Hesabu hiyo haijakamilika.

Tuchukue mfano wa mtu anayefanya kazi saa kumi siku ya harusi na kurudi na picha 2,500. Akizitazama zote kwa sekunde tano kila moja ili kuchagua, atatumia takriban saa tatu na nusu. Akichagua 500 na kurekebisha mwanga na rangi kwa dakika mbili kila moja, zitamwondokea dakika 1,000, yaani karibu saa 17. Kabla hajagusa albamu, amefanya kazi kwa zaidi ya saa 30, na bado hajamlipa msaidizi wala usafiri.

Vifaa navyo huchakaa. Kifunga lenzi cha kamera ya kiwango cha kati au cha juu hupimwa na watengenezaji wake kwa idadi ya mibonyezo, kwa kawaida kuanzia laki moja na kuendelea. Anayepiga harusi 40 kwa mwaka kwa wastani huo wa picha 2,500 anafikisha laki moja kwa mwaka mmoja.

Lakini tofauti kubwa kati ya mtaalamu na mpwa mwenye kamera haimo katika saa wala katika lenzi. Imo katika mambo ambayo mgeni hawezi kuyaona: kamera ya pili iliyo tayari begani, kamera inayoandika picha katika kadi mbili kwa wakati mmoja, betri za akiba, na mazoea ya kunakili kazi yote katika diski mbili tofauti kabla ya kulala.

Kadi ya kamera ni kitu kidogo kuliko stempu. Hupotea katika mfuko wa suruali, huharibika bila onyo, na mara nyingine hufutwa kwa makosa na mtu anayetafuta nafasi ya kupigia sherehe ya Jumamosi inayofuata. Mpwa mwenye kamera moja na kadi moja anaweza kupiga picha nzuri kuliko mtaalamu. Ila kadi hiyo ikigoma, harusi yote imekwenda nayo, na hakuna wa kumlaumu kwa sababu hakulipwa.

Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya bei hiyo inafanana na bima. Swali la kwanza kwa anayetaka kazi si kuhusu uzuri wa picha zake. Ni hili: kamera yako ikizimika katikati ya ibada, utafanya nini? Asiyekuwa na jibu la haraka hana haki ya kudai bei ya mwenye nalo.

Pale simu inapotosha

Zipo harusi ambazo kifungu cha picha kinaweza kufutwa bila majuto. Ndoa inayofungwa bomani mchana mbele ya ndugu 20, ikafuatiwa na chakula nyumbani, haina giza, haina umati wala mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja. Simu mbili nzuri zinatosha, endapo zitapangwa.

Kupanga ndiko kunakosahaulika. Kazi ya kila mtu huwa si kazi ya mtu yeyote. Wageni 20 wenye simu 20 watapiga keki ile ile mara mia moja, na hakuna atakayempiga mama mzazi wakati anafuta machozi. Inafaa mtu mmoja akabidhiwe kazi hiyo rasmi, asiwe bestimani wala dada wa bibi harusi, kwa kuwa hao watahitajika ndani ya picha. Awe na simu yenye nafasi ya kutosha na chaji kamili, na mwenzake awe na simu ya pili.

Tahadhari nyingine inahusu WhatsApp. Kwa miaka mingi mtandao huo ulikuwa ukipunguza picha hadi takriban pikseli 1,600 kwa upande mrefu. Picha ya ukubwa huo, ikichapishwa kwa ubora wa kawaida wa nukta 300 kwa inchi, inafika sentimita 13 na nusu tu. Ikikuzwa ili itundikwe sebuleni, nyuso huanza kuchanganyika. Tangu 2023 mtandao huo una chaguo la kutuma kwa ubora wa juu zaidi, lakini njia ya uhakika ni kunakili picha asilia moja kwa moja kutoka katika simu kwenda kwenye kompyuta, usiku ule ule.

Katikati ya simu na mtaalamu wa siku nzima kuna njia ya tatu ambayo kamati nyingi hazimuulizi mpiga picha: kumlipa kwa saa tatu au nne tu. Muda huo unatosha kwa ibada, kutia saini cheti, na picha za familia nje ya kanisa. Dansi, keki na shampeni vinaweza kuachiwa simu za wageni, ambao kwa vyovyote watavipiga.

Mahali pa kukata na mahali pa kuacha

Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, lakini zinaonyesha namna ya kufikiri. Kamati ina bajeti ya Sh12 milioni kwa wageni 250, na mpiga picha anataka Sh1.2 milioni, yaani asilimia 10. Ikiwa sahani moja ya chakula ni Sh20,000, fedha hiyo ni sawa na sahani 60.

Kuwaondoa wageni 20 kungeokoa Sh400,000 za chakula, theluthi moja ya bei ya mpiga picha. Ila mjumbe atakayependekeza hivyo ajiandae, kwa sababu anayeondolewa huenda ndiye aliyechanga mapema kuliko wote, na mchango wake utaondoka naye.

Ni rahisi zaidi kupunguza ndani ya kifungu chenyewe. Bei za siku hizi hufungashwa pamoja na mambo ambayo hayahusiani na kumbukumbu ya siku yenyewe: filamu fupi ya mapenzi inayopigwa wiki mbili kabla, picha za maharusi wakiwa wamevaa mavazi matano tofauti, skrini kubwa ukumbini, ndege isiyo na rubani. Hiyo ya mwisho ina sheria zake. Nchini Tanzania inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na inahitaji kibali, jambo ambalo si kila mwenye kifaa hicho hulitaja anapotoa bei.

Vitu hivyo vyote vinaweza kuondolewa na harusi ikabaki na picha zake. Visivyopaswa kuguswa ni mtu wa pili mwenye kamera, pale ambapo mambo hutokea sehemu mbili, na nakala za akiba. Kwa bahati mbaya ndivyo vinavyokatwa kwanza, kwa kuwa havionekani ukumbini.

Albamu kubwa ya jalada gumu nayo inaweza kusubiri. Mafaili asilia yakiwapo, albamu itachapishwa hata baada ya mwaka, maharusi watakapokuwa wamepumua.

Kumpima mtu kabla ya kumlipa

Kila mpiga picha ana picha 20 nzuri za kuonyesha, na katika kurasa za Instagram si rahisi kujua kama zote ni zake. Kipimo kizuri zaidi ni kumwomba harusi moja nzima, kuanzia saluni hadi wageni wanapoondoka. Hapo ndipo huonekana kama ukumbi wake una giza, kama wazee wamepigwa au wamesahauliwa, na kama kazi ya saa tano usiku inafanana na ya saa nane mchana.

Jambo la pili ni kujua nani hasa atakayefika. Misimu ya harusi hubanana. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima, Waislamu wengi husubiri Ramadhani ipite, na mkoani Kilimanjaro Desemba huwa na harusi nyingi kwa sababu ndugu wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Jumamosi moja baada ya Pasaka au katika Mfunguo Mosi ofisi moja yaweza kuwa imechukua kazi tatu. Aliyeonyesha picha anakwenda kwenye ile iliyolipa zaidi, na wengine wanatumiwa vijana wanaojifunza. Jina la atakayefika ni vema liandikwe.

Kuandika ndiko kunakoleta utulivu. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, lakini kuyathibitisha baada ya ugomvi ni kazi nyingine. Karatasi moja inatosha: tarehe, saa za kuanza na kumaliza, watu wangapi wenye kamera, picha ngapi zitakazorekebishwa, zitakabidhiwa lini, na fedha zitarudi vipi kazi isipofanyika.

Malipo yakigawanywa mara tatu, yaani sehemu wakati wa kuweka tarehe, sehemu siku ya harusi na sehemu wakati wa kukabidhiwa kazi, kila upande unabaki na sababu ya kutimiza ahadi. Aliyelipwa yote mapema hana haraka ya kukabidhi albamu, na malalamiko ya kuahidiwa kila wiki kwa miezi kadhaa ni ya kawaida mno katika miji yote.

Wapiga picha nao wana lalamiko lao, na ni la haki. Aliyeagiza kazi ni kamati, na kamati huvunjwa. Salio likidaiwa baada ya hapo, mwenyekiti husema suala hilo ni la mweka hazina, mweka hazina husema fedha zimekwisha, na maharusi husema wao hawakujadili bei na mtu. Albamu hukaa kabatini studio, imekamilika, haina wa kuichukua. Hivyo mkataba unapaswa kusainiwa na mtu mwenye jina, si kamati, na salio litengwe kabla fedha hazijaanza kutafuta vinywaji vya nyongeza.

Suala la matumizi ya picha lisiachwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda picha kama kazi za ubunifu, na mpiga picha wengi hutaka kuzitumia kutangaza biashara. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Familia isiyotaka sura ya binti yao itundikwe mtandaoni inapaswa kusema hivyo katika karatasi ile ile, kabla ya harusi, badala ya kuanza kupiga simu baada ya picha kusambaa.

Na picha isichukuliwe kuwa kitu isicho. Kinachothibitisha ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni cheti cha ndoa, si albamu. Hata hivyo, picha ya wawili hao wakitia saini mbele ya mashahidi imewahi kuwafaa wengi pale ambapo ndugu wa upande mmoja, miaka mingi baadaye, wanadai kwamba hawakuwahi kusikia habari za ndoa hiyo.

Orodha ya shangazi

Baada ya kulipa au kutolipa, kinachoharibu picha nyingi za familia ni vurugu za dakika 20 nje ya kanisa au nyumbani baada ya nikaha. Mjomba amekwenda kutafuta maji, bibi ameketi garini, watoto wanakimbizana, na matarumbeta yameshaanza.

Dawa yake ni orodha fupi iliyoandikwa na familia, kwa sababu mpiga picha hamjui nani ni nani. Iwe na makundi yasiyozidi kumi. Ikabidhiwe kwa shangazi mwenye sauti, anayewajua watu wa pande zote mbili na ambaye hakuna anayethubutu kumkatalia. Mpiga picha wa bei yoyote, akisaidiwa na shangazi wa aina hiyo, hufanya kazi nzuri kuliko yule wa bei ya juu aliyeachwa peke yake.

Siku chache baadaye picha zinapaswa kuwa katika sehemu tatu: kwa maharusi, kwa mzazi mmoja, na katika hifadhi ya mtandaoni au diski iliyo nyumba nyingine. Kompyuta huibwa, simu huanguka majini, na wapiga picha wengi hufuta mafaili ya wateja baada ya muda ili kupata nafasi. Ni vema kuuliza muda huo ni miezi mingapi. Picha kumi au kumi na tano zichapishwe hata kama albamu haipo.

Wasomaji wa magazeti wanaifahamu picha moja inayojirudia katika matangazo ya vifo na ya shukrani. Ni mzee aliyevaa suti nzuri au mama aliyefunga kilemba, anatabasamu, na pembeni limebaki bega la mtu mwingine lililokatwa na mkasi. Picha hiyo ilipigwa harusini. Familia ilipoketi usiku wa msiba kutafuta picha ya marehemu, haikupata nyingine iliyo nzuri kuliko hiyo, kwa kuwa siku ya harusi ya mwanawe ndiyo siku ya mwisho mzee huyo alipopendeza mbele ya kamera.

Katika orodha ya shangazi, kwa hiyo, mstari wa kwanza si wa maharusi na wapambe wao. Ni wa babu na bibi wa pande zote mbili, wameketi kivulini kwenye viti, kila mmoja peke yake na kisha pamoja, kabla hawajachoka na kuomba kurudishwa nyumbani. Kazi hiyo huchukua dakika tano.